Mlango wa Ndovu Niliufungua Mimi

Niliwaacha wiki iliyopita nikiwa nimesimama shambani asubuhi na mapema, kati ya mzinga wa sita na wa saba, nyuma yangu mahindi yamelala chini yote, na mkononi nimeshika fundo la uzi wa katani wa rangi ya samawati. Mmeuliza uzi huo ulikuwa wa nini. Leo nitasema, ingawa ningependa zaidi kusimulia jambo lingine lolote.

Kwa anayejiunga nasi sasa: mimi ni Tryphena, mjane, mkazi wa huku chini ya mlima wa Kasigau. Mwanangu Silvanus anafanya kazi kwenye shamba la katani kule Mwatate na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Miaka miwili iliyopita alituletea mke kutoka Voi, msichana wa Kikamba aitwaye Koki, na wamenipa mjukuu, Elsie, mwenye umri wa miezi kumi.

Tangu Koki aingie kwangu, tangi la maji limepasuka, mbuzi wa maziwa amekufa na mapacha tumboni, na dumuzi wamekula magunia mawili ya mahindi yakabaki vumbi. Nikasema msichana ana mkosi. Nilisema kisimani, nikasema nje ya kanisa, nikasema kwenye kikundi chetu cha kusuka vikapu, tena si mara moja.

Kisha ndovu wakaingia.

Sasa nieleze uzio wetu, maana bila huo hamtaona ubaya wangu. Shamba letu limezungukwa na mizinga ya nyuki ishirini na nne, imening'inizwa kwenye nguzo, na waya mmoja umeipitia yote. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, anageuka akimbie. Watu wa mradi wa mizinga walitufundisha siku tatu, wakatupa soda na mkate. Walirudia jambo moja hadi tukachoka nalo: "Kina mama, waya usifunguliwe. Anayetaka kupita azunguke kwa lango."

Kutoka mlangoni kwangu hadi langoni ni hatua mia moja na sitini. Kutoka langoni kuzunguka hadi kwa jirani yangu Immaculate, mia moja na arobaini nyingine. Na goti langu la kulia linavimba tangu mwaka juzi.

Kwa hiyo nilikuwa na njia yangu. Kati ya mzinga wa sita na wa saba waya umeungwa kwa ndoana. Unaitoa, unapita, unairudisha. Wala sikuwa peke yangu. Nenda kwenye mashamba yenye mizinga uangalie nyasi zilivyokanyagwa, utaona kina mama wangapi wana magoti mabovu.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Immaculate alinipigia simu, sauti imempanda.

"Mama Silva, yule mnunuzi wa vikapu amefika. Gari halijazimwa. Ukichelewa utamwona Krismasi."

Nikabeba vikapu vinne kichwani na tita la katani kwapani. Nikatoa ndoana. Waya ukanishika gauni, nikauvuta kando nikaufunga kwenye nguzo kwa uzi wa samawati, ile rangi ninayoichemsha mwenyewe na ambayo hakuna mwingine kikundini anayeipata sawasawa. Nikajiambia, nikirudi nitaufungua.

Vikapu vyote vinne vilinunuliwa. Immaculate akanipikia chai ya tangawizi. Na yule mnunuzi, kuona goti langu, akasema, "Mama, panda, nakupeleka." Akanishusha langoni kwangu kabisa. Nilishuka kwenye gari lile nikijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote Kasigau.

Ndiyo maana sikurudi kwa njia yangu. Ndovu walirudi nayo.

Kulipokucha niliamka kabla ya wote, nikafuata nyayo kinyumenyume, hadi nikafika pale. Uzi ulikuwa kwenye nguzo na fundo ni langu. Ndovu hata hawakugusa waya. Waliupita kama wageni waliofunguliwa mlango.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni nilichofanya.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nikafungua fundo. Nikauvuta waya, nikarudisha ndoana mahali pake, nikaukaza. Ule uzi nikautia kifuani.

Nilipogeuka, Koki alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, Elsie mgongoni. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Umeamka mapema, Mama," akasema.

"Na wewe unatafuta nini huku?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini? Mahindi yaliyobaki?"

"Hatua, Mama. Kutoka nyayo zao hadi ukuta wa chumba anacholala Elsie. Ni kumi na mbili."

"Na pojo?"

"Ndengu zimekwisha." Yeye pojo huziita ndengu, kama kwao. "Lakini tuna bahati, Mama. Hatua kumi na mbili tu. Wangeuegemea ukuta ule, saa hii tungekuwa tunalia kilio kingine."

"Wewe," nikamwambia, "siku nyumba ikiungua utasema tuna bahati, tumeota moto."

Akacheka kidogo. Alidhani natania.

Saa moja haikupita kabla majirani hawajajaa. Immaculate akaja na leso mbili, moja kichwani moja kiunoni, akatembea kando ya waya kutoka mzinga wa kwanza hadi wa mwisho, akausukuma kila mahali kwa fimbo. Akarudi ameshika kiuno.

"Waya haujakatika," akasema. "Ndoana zote ziko. Nyuki hata mmoja hakutoka. Sasa, Mama Silva, ndovu watano wameruka?"

Watu wakanigeukia. Hapo ndipo ningeweza kusema. Yalikuwa maneno manne tu: nilifungua waya mimi, nikasahau kuufunga. Nayahesabu sasa naona ni matano. Siku ile hata moja halikunitoka.

Nilisema hivi: "Hata nyuki wamemkataa."

Sikutaja jina. Haikuwa lazima. Kila mtu aliangalia upande wa Koki, naye alikuwa ameinama akiokota mabua yaliyovunjika, ayapeleke kwa mbuzi aliyebaki.

Mchana nilikwenda jikoni nikautupa ule uzi chini ya sufuria ya maharagwe. Katani iliyokauka hushika moto upesi. Maharagwe yakaiva, tukala, na Koki akasema leo yana ladha nzuri.

Maneno yangu yalizunguka mlima. Kufikia Alhamisi yalikuwa yameshuka hadi Voi, kwa Mzee Nzomo, baba yake Koki, fundi wa baiskeli karibu na soko. Akampigia Silvanus simu kazini. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Jumamosi nakuja huko kwenu. Nataka kusikia kwa masikio yangu nyuki wamesema nini juu ya binti yangu."

Ijumaa Koki alikuwa anafagia sebule. Ukutani nina kalenda ya kanisa, ya mwaka jana, ambayo sijaitupa. Nilikuwa nimetia humo alama za msalaba kwa kalamu, moja kwa kila balaa tangu aje yeye. Niliziweka kama ushahidi, Silvanus akibisha nimwonyeshe.

"Mama," Koki akaita. "Hizi alama ni za nini?"

 Nikasema la kwanza lililonijia. "Za... ni siku nilizotaka kukumbuka."

Akasogea karibu, akaweka kidole. "Tarehe tisa. Eh, kweli. Ndiyo siku Silvanus alipopewa barua ya kazi ya kudumu."

Tarehe tisa ni siku aliyokufa mbuzi. Niliketi na yule mbuzi kuanzia asubuhi hadi jioni. Silvanus alipopiga simu kuhusu barua, nakumbuka nilimwambia, "Usiniambie mambo ya barua, mbuzi wangu amekufa," nikakata.

"Na hii ya ishirini na moja," Koki akaendelea, "Elsie alitoka hospitali Voi. Ile homa ya mapafu. Nilidhani ni mimi tu ninayeikumbuka."

Tarehe ishirini na moja tangi lilipasuka. Walipofika kutoka hospitali walikuta maji yametiririka hadi barabarani, na mimi nimesimama kwenye matope nikitukana. Sikumpokea mtoto mkononi hadi kesho yake. Tena tangi lile niliambiwa na fundi nisiliweke juu ya mawe, nikamwambia alipwe aende zake.

"Hii ya tatu siikumbuki," Koki akasema. "Lakini lazima kulikuwa na kitu kizuri." Akanigeukia, macho yamelowa. "Mama, watu wananiambia hunipendi. Kumbe unaandika siku zetu nzuri ukutani."

Niliangalia dirishani. Nikamwambia afagie na chini ya kabati.

Yeye na mimi tulikuwa tumeishi siku zile zile, chini ya bati moja, tukinywa chai ya sufuria moja. Nilikuwa na kalenda nzima ya mikosi. Yeye alikuwa na kalenda hiyo hiyo, ya baraka.

Nilikata shauri pale pale. Jumamosi nitasema.

Jumamosi saa tano walikuwa wamefika wote. Silvanus kutoka Mwatate, hajanyoa ndevu. Mzee Nzomo na shati lake jeupe la kanisani, grisi bado iko kwenye kucha. Immaculate alijileta mwenyewe, akasema amekuja kusaidia kupika. Na shemeji yangu Josephat, ndugu wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na pia ni mzee wa kanisa.

Nzomo hakungoja chai.

"Mama Silvanus, mimi ni mtu wa spana. Baiskeli ikija kwangu imeharibika, natafuta kilichoharibika. Siambii mwenyewe baiskeli yake ina mkosi. Kama binti yangu amefanya kosa, nitajieni, nitalisikia, na nitarudi mwezi wa kupanda na jembe langu nilime pojo zenu mwenyewe. Lakini kama hana kosa na mnamwita mkosi, leo anarudi nami Voi, yeye na mtoto. Sitamwacha binti yangu mahali ambapo hata mvua isiponyesha ni yeye."

"Baba," Silvanus akasema, "mke wangu haendi popote."

"Wewe mwezi mzima uko Mwatate. Anayeamka naye asubuhi ni mama yako."

Silvanus akajikuna ndevu. Mzee alikuwa amesema kweli.

Josephat akainua mkono. "Tutafanya kama walivyofanya wazee wetu. Tutatasa. Kila mmoja atoe kilicho moyoni."

Nzomo akauliza hicho ni nini, naye akamweleza. Kwetu Taita, shida zikiandamana nyumbani, hatuanzi kwa kutafuta mchawi nje. Tunauliza, nani kati yetu ana kitu moyoni? Mtu anachukua funda la maji, anayapuliza chini, kisha anasema kinachomkaa rohoni ili kitoke pamoja na yale maji.

"Zamani ilikuwa pombe ya miwa," Josephat akasema. "Siku hizi tumeokoka, ni maji."

"Na mtu akiyameza?" Nzomo akauliza.

"Hatuyamezi. Anayemeza amekataa kutoa. Ile hasira amejirudishia tumboni."

"Basi mimi nitatazama tu. Nisije nikakosea nikawaletea ndovu wengine."

Immaculate akaguna kwa kicheko, akaona hakuna aliyecheka, akajifanya anakohoa.

Kata ya maji ikazunguka. Josephat akapuliza, akasema alikuwa na kinyongo nami kwa ajili ya mpaka wa shamba la juu, na sasa amekitoa. Silvanus akapuliza, akasema amekasirika na mimi, mama yake, tangu siku nilipomkatia simu, na sasa ametoa. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nilikuwa sijui kwamba alikumbuka.

Nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu alfajiri, nikiyasema kimoyomoyo huku nakuna nazi. Nilifungua mimi. Nilisahau mimi. Nilificha mimi.

Ikafika zamu ya Koki. Akampa Immaculate mtoto, akapiga magoti, akachukua maji, akapuliza vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa kwetu.

"Mimi sina hasira na mtu," akasema. "Nina kosa. Jumanne jioni nilipita kati ya mzinga wa sita na wa saba kwenda kuchuma mboga. Nilitoa ndoana, na nilisahau kuirudisha. Ndovu waliingia kwa sababu yangu."

Nilijua si kweli.

Jumanne jioni Koki hakutoka nyumbani. Elsie alikuwa na tumbo, akalia kutoka saa kumi hadi alipolala, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia maji ya kumkanda.

"Mbona ndoana ilikuwa mahali pake asubuhi?" Immaculate akauliza, macho yamemtoka.

"Niliirudisha mapema kabla hamjaja. Niliogopa."

Silvanus akamtazama mkewe kama hamjui. "Koki, kwa nini hukusema?"

"Nasema sasa." Hakuinamisha kichwa. "Baba yangu amesema kosa atalisikia. Mtu aliyekosea anaomba msamaha, anasamehewa, kesho anakaa na wenzake. Lakini mkosi, mtu ataombaje msamaha wa mkosi? Nitasema nimekosa nini? Kupumua?"

Nikaelewa. Alikuwa amejitafutia kosa kama mtu anavyojitafutia mahali pa kukaa. Alitaka awe mtu aliyesahau waya, kuliko kuwa kitu kinacholeta ndovu. Na kati ya nafasi zote za mizinga ishirini na nne, alitaja ile. Aliniona asubuhi ile au aliijua tu njia yangu kwa nyasi zilizokanyagwa, hilo sikulijua.

Nzomo alipumua kwa nguvu, akajipangusa uso na kitambaa. "Haya. Hilo ni kosa. Hilo nimelisikia. Mwezi wa kupanda niko hapa na jembe." Akanigeukia. "Sasa ni wewe, Mama Silvanus. Ukimsamehe, mimi nakunywa chai yenu narudi Voi peke yangu."

Koki akanipa kata kwa mikono miwili.

Nilipiga funda kubwa, kubwa kuliko la mtu yeyote pale, kwa sababu kinywa kikiwa kimejaa hakisemi. Nikabaki hivyo, mashavu yamevimba. Nilifikiri kwa upesi ambao sikuwa nao tangu ujana. Nikipuliza na kusema nimemsamehe, nitakuwa nimemsamehe mtu kosa langu mwenyewe, mbele ya ukoo, kwa desturi ambayo mume wangu na baba yake waliiheshimu. Nikipuliza na kusema kweli, mwanangu atasikia kwamba mamake alimtupia mkewe ndovu watano, na sasa hata msichana mwenyewe nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya baba yake.

"Tryphena," Josephat akasema kwa upole. "Mtoto amesema. Toa maji, useme umemsamehe."

Elsie alinyoosha mikono kutoka kwa Immaculate, akitaka nimchukue.

Maji yalikuwa yamepata joto kinywani.

Nikayameza.

Yalipita kooni kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Josephat alifumba macho. Immaculate akamvuta Elsie kifuani.

"Mama," Silvanus akasema polepole, "umekataa kumsamehe?"

Nilibaki nimeikumbatia ile kata.

Nzomo alikuwa ameshasimama. Aliingia ndani bila kuomba ruhusa, akatoka na begi la nguo za mtoto begani. "Koki, beba mtoto. Gari la saa saba litatupita."

Silvanus akaenda kusimama langoni, mikono ameinyoosha huku na huku.

Koki hakuenda kwa baba yake, wala hakuenda kwa mumewe. Alichukua ile kata mkononi mwangu, akaichovya tena kwenye ndoo, akanirudishia imejaa. Akaongea taratibu, nisikie mimi tu.

"Mama, yamekuteleza tu. Jaribu tena."